Daftari la Viti

Kanisa letu la Presbiteri hapa Makorora halina kengele.
Lina viti arobaini vya plastiki,
bluu iliyopauka kwa jua,
na mgongoni mwa kila kiti namba
aliyoiandika Nakijwa kwa rangi ya kucha
siku vilipofika, kabla hata ya kuombewa.

Wenzangu hugawa unga kwa wajane,
Jumatano huenda Bombo na chupa za uji.
Mimi nilipewa daftari na kalamu iliyofungwa uzi,
na baraza la wazee likanionya:
"Chamhingo, kiti si sadaka. Kiti hurudi."

Basi naandika.
Msiba kwa Mndolwa, thelathini, vimerudi.
Arusi, barabara ya kumi na nne, vyote, vimerudi,
kimoja kina hina mkononi.
Maulidi kwa Bi. Mwantumu, ishirini,
vimerudi vimeoshwa, vinanukia udi;
Jumapili ile tukakalia udi,
mchungaji akinusanusa katikati ya Warumi.
Chanjo ya watoto, vitano, vimerudi na mkojo.
Anayeazima anasali wapi, sijauliza.
Daftari halina safu hiyo.

Kisha hitima moja, kabla ya Ramadhani,
namba kumi na saba haikurudi.

Nilihesabu mara tatu,
kama ulimi unavyorudia pengo la jino.
Nikaandika kwa wino mwekundu: KIMEPOTEA.
Mzee Shekiondo akavua miwani, akasema
wizi huanza na kiti, huishia na bati la paa.
Nikachukua baiskeli.

Mfiwa akanituma kwa shemeji yake,
shemeji akanituma kwa seremala jirani na reli,
seremala akaiinamia randa yake
akasema kama mtu aliyekamatwa:
"Nilikikata mimi. Sikulipwa, wala sikudai."

Nyumba ya udongo. Pazia la kanga.
Ndani, Kibwana Mbega,
aliyebeba robota za mkonge bandarini
mpaka kiharusi kikamchukua upande wa kushoto,
amekaa.
Amekaa juu ya namba kumi na saba:
katikati ya kiti tundu la duara,
kingo zimepigwa msasa zisimchune,
na chini yake ndoo yenye kifuniko.

Mkewe alisimama, mikono haijui pa kushika.
"Nilikuwa nambeba. Mgongo umekataa.
Usiku ule nikakiona kiti, nikasema
Mungu wa wenye viti atanisamehe.
Chukua, mwanangu. Nimekiosha."

Mzee akanitazama kwa jicho lililo zima.
Nusu ya mdomo ikahangaika na neno,
nikasogea nilisikie.
"Karibu... kiti," akasema.
Hakukuwa na kingine.
Nikakaa sakafuni, nikashukuru,
tukazungumza habari za bei ya sukari.

Kikaoni niliyasema yote, hata ndoo.
Nje mtu alikuwa anafagia, tukamsikiliza afagie.
Mzee Shekiondo, yuleyule,
akakohoa, akauliza:
"Tundu hilo lina upana gani?"

Sasa tuna viti thelathini na vinne vya ibada.
Vitano vingine vilipita kwa seremala,
tunamlipa nusu, nusu anasema ni yake na Mola wake.
Kimoja kiko Mabawa, viwili Msambweni,
kingine kwa mama yake Nakijwa,
ambaye hakutaka, akalia, akakubali,
na cha tano kinasubiri mtu nisiyemjua.
Vijana husimama nyuma siku ya Bwana
wakinung'unika, wakibadilishana mguu.

Ule wino mwekundu niliukwangua kwa wembe
hadi karatasi ikaingia tundu nayo.
Pembeni nikajaribu kuandika kimetolewa.
Nikafuta. Kimeazimwa. Nikafuta.

Namba kumi na saba:
kina mtu.